Kitambi baada ya miaka 60: utembee, ujenge misuli, ubadilishe sahani au ufunge?

Dera halikuambii kama umenenepa. Kikoi nacho hakikuambii; tumbo likiongezeka unakilegeza na kukikunja upya, basi. Hapa kwetu Mombasa mtu mzima anaweza kuongeza kiuno miaka kumi mfululizo bila nguo hata moja kumbana, mpaka siku ya kupimwa presha au sukari. Mamangu alijua akiwa na miaka 67, na hakujua kwa mizani. Alikuwa ameugua mwezi mzima, amepungua kilo 4, na kila aliyekuja kumjulia hali alimpongeza kwa kuwa mwepesi. Asubuhi moja nikamwona anaswali. Alipomaliza sijda alishika ukingo wa kitanda ndipo akaweza kusimama. Tulipompima kiuno, kilikuwa kile kile cha kabla ya ugonjwa. Kilichoondoka ni nyama ya mapaja.

Tangu siku ile naamini kwamba kwa mtu aliyepita miaka 60 swali si "nipungue kilo ngapi", ni "nipunguze nini, nibakishe nini". Nyumba nyingi zimekwama hapo: daktari kasema tumbo lishuke, jirani anasifu kutembea, mtoto aliye Nairobi anasema mzee anyanyue vizito, shangazi anataka wali uachwe, na imamu anakumbusha kufunga Jumatatu na Alhamisi. Kila mmoja ana hoja. Nimeziweka njia hizi nne pamoja, kila moja kwa maswali yale yale.

Kwanza, tumbo lenyewe

Mafuta ya tumbo ni ya aina mbili. Kuna yaliyo chini ya ngozi, unayoweza kuyafinya kwa vidole, na kuna yaliyojificha ndani, yamezunguka ini na matumbo. Haya ya ndani ndiyo yanayoandamana na kisukari cha aina ya pili, presha na maradhi ya moyo. Umri huyaongeza hata kwa mtu ambaye hajabadilisha chakula chake. Misuli hupungua, na misuli ni miongoni mwa viungo vinavyotumia nguvu nyingi mwilini. Kwa mwanamke, hedhi ikishakoma, mafuta yaliyokuwa yakikaa mapajani huanza kukaa tumboni. Ndiyo maana utamwona mzee ana miguu myembamba na tumbo la mbele, na watu wanamwambia "wewe hujanenepa". Huyo ndiye ninayemhofia zaidi.

Kupima ni rahisi. Simama, toa pumzi kama kawaida, zungusha futi ya fundi wa nguo katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa juu wa nyonga, usibane. Shirika la Afya Duniani linahesabu hatari kuanza mwanamume akipita sentimita 94, na kuwa kubwa akipita 102. Kwa mwanamke ni 80 na 88. Kwa wanaume wenye asili ya Bara Hindi, nao mjini kwetu ni wengi, alama huanza mapema zaidi, kwenye 90. Huna futi? Kata uzi ulio sawa na urefu wako, ukunje katikati, uzungushe kiunoni. Ncha zisipokutana, kiuno kimepita nusu ya urefu wako, na hapo ndipo pa kuanza kuchukua hatua.

Maswali matano ya kila njia

Inagusa mafuta ya ndani kiasi gani? Inafanya nini kwa misuli na mifupa? Inagharimu nini, na hapa Mombasa inafanyika wapi? Hatari yake ni ipi kwa mtu mwenye magoti, presha au sukari? Na inamfaa nani, yaani nani ataweza kuwa bado anaifanya mwakani mwezi kama huu? Swali hilo la mwisho nalipa uzito kuliko yote, kwa sababu tumbo lililochukua miaka ishirini kukua haliondoki kwa mwezi wa bidii.

Kutembea

*Mafuta ya ndani.* Katika mazoezi yote, yale yanayoufanya moyo uende mbio kidogo kwa muda mrefu ndiyo yenye ushahidi wa kutegemewa zaidi. Mafuta ya ndani hupungua hata pale mizani inapokataa kushuka, na hili wazee wengi hawaambiwi. Wakiona kilo ni zile zile wanaacha. Mwendo unaotakiwa ni ule ambao unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Nusu saa kwa siku, siku tano, inatimiza kiwango cha chini.

Lakini hesabu ya nguvu ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Mtu wa kilo 70 akitembea nusu saa kwa mwendo wa wastani hutumia kama kalori 120. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori 120 vilevile. Kwa hiyo anayemaliza matembezi kwenye bustani ya baharini ya Mama Ngina kwa sahani ya mihogo ya kukaanga, moyo wake umefaidika kweli, ila tumbo limerudishiwa kilichotoka na zaidi.

*Misuli na mifupa.* Huilinda miguu isidhoofike kabisa, lakini haijengi. Ukitaka kusimama kutoka kwenye mkeka, kutembea peke yake hakutoshi.

*Gharama na mahali.* Viatu vizuri, basi. Mama Ngina kuna sakafu iliyosawazishwa, mibuyu ya kivuli na viti vya kupumzikia huku meli zikipita kwenda Kilindini. Ufuoni Bamburi, maji yakishatoka, mchanga mgumu ni mzuri kwa magoti. Mchanga laini wa juu huvuta kifundo cha mguu na kuchosha. Vichochoro vya Mji wa Kale vina kivuli saa nyingi. Kwa anayekaa Kisauni au Likoni, kwenye barabara zenye bodaboda na zisizo na njia ya miguu, ushauri wa "tembea tu" unasemwa kirahisi kuliko unavyotendeka. Huyo atafute uwanja wa shule au wa msikiti, azunguke.

*Hatari.* Joto. Msimu wa kaskazi, hasa Februari na Machi, saa tatu asubuhi jua limeshakuwa kali na hewa ni nzito kwa unyevu. Anayetumia dawa ya presha ile inayoongeza mkojo hupoteza maji haraka na anaweza kusikia kizunguzungu. Toka baada ya alfajiri, urudi kabla ya saa mbili, au subiri alasiri ipite.

*Inamfaa nani.* Mwenye magoti yasiyolalamika sana, anayependa kuonana na watu. Ami yangu hakosi hata siku moja, na si kwa ajili ya afya: kuna wenzake watatu wanaomsubiri.

Mazoezi ya nguvu

*Mafuta ya ndani.* Kwa kupunguza tumbo moja kwa moja, yako nyuma ya kutembea. Faida yake huja kwa njia ya mzunguko: misuli ikiwepo, sukari ya damu ina pahali pa kwenda, na mtu mwenye nguvu hutembea zaidi na kukaa kidogo. Niseme wazi hapa kwamba kulala chali na kuinua kiwiliwili mara hamsini hakuyeyushi mafuta ya tumbo. Mwili hauchagui mafuta ya pale unapofanyia zoezi. Kwa mzee ambaye mifupa ya mgongo imeanza kuwa myepesi, kujikunja vile kwa nguvu kunaweza hata kuivunja.

*Misuli na mifupa.* Hapa ndipo njia hii haina mshindani. Mwaka 2017 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa Marekani wa wazee 160 wenye unene. Kundi moja liliachwa la kulinganishia; waliobaki walipunguza chakula, wakagawanywa: wengine mazoezi ya moyo, wengine ya nguvu, wengine yote mawili. Baada ya miezi sita waliochanganya walikuwa wameboreka asilimia 21 katika kipimo cha uwezo wa mwili, wenzao asilimia 14. Na waliofanya ya nguvu, peke yake au kwa kuchanganya, mifupa yao ya nyonga iliteremka kidogo kuliko ya wale waliofanya ya moyo tu.

*Gharama na mahali.* Sebuleni. Kiti kisichoyumba kiegemezwe ukutani. Mzee akunje mikono kifuani, asimame, akae polepole. Tulianza na mara tano. Mamangu alitaka kujisukuma kwa mikono, na tulimwachia wiki ya kwanza, kisha tukaweka mto juu ya kiti ili kimo kiongezeke, na mikono ikaacha kuhitajika. Mto ukatoka baada ya wiki sita. Kuna pia kusukuma ukuta kwa viganja, kuinua visigino ukiwa umeshika meza, na kunyanyua madumu mawili madogo ya maji ambayo unayajaza kidogo kidogo kadiri siku zinavyoenda. Siku mbili kwa wiki zinatosha kuanzia, zisifuatane. Waliopita miaka 65 wanashauriwa waongeze mazoezi ya kujimudu wasianguke, siku tatu kwa wiki: kusimama kwa mguu mmoja karibu na meza ya jikoni, kwa mfano.

*Hatari.* Kubana pumzi wakati wa kunyanyua hupandisha presha ghafla. Hesabu kwa sauti, pumzi haitabanwa. Mwenye ngiri, au aliyefanyiwa upasuaji wa jicho karibuni, amuulize daktari kwanza.

*Inamfaa nani.* Mwenye miguu iliyokonda, aliyetoka kuugua, anayeogopa kuanguka, asiyeweza kutoka nje kwa sababu ya joto au barabara. Wagumu wake ni wale wanaoona ni mambo ya vijana. Kwa mamangu neno "mazoezi" halikufanya kazi hata kidogo. Tulipomwambia ni ya kumwezesha kuswali bila kushika kitanda, hakuacha tena.

Kubadilisha sahani na kikombe

*Mafuta ya ndani.* Ndiyo njia inayoshusha uzito na kiuno haraka zaidi, na ushahidi wake uko wazi. Utafiti mwingine wa Marekani, uliochapishwa 2011 katika jarida lile lile, ulifuata wazee 107 kwa mwaka mzima. Waliofanya mazoezi bila kugusa chakula hawakupungua uzito. Waliopunguza chakula walipungua kama asilimia 10, na waliochanganya asilimia 9.

*Misuli na mifupa.* Bei yake iko hapa. Katika utafiti huo, waliopunguza chakula bila mazoezi walipoteza misuli na mfupa wa nyonga zaidi kuliko waliochanganya. Chakula kikipunguzwa ovyo, protini ndiyo hukatwa kwanza, kwa sababu samaki ni ghali na wali ni rahisi. Mzee anahitaji kama gramu 1 hadi 1.2 ya protini kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku. Wa kilo 65 ni kama gramu 65 hadi 78. Kipande cha samaki cha gramu 100 kilichopikwa kina zaidi ya gramu 20, yai moja gramu 6, kikombe cha maharage yaliyoiva kama 15. Mwenye ugonjwa wa figo asifuate hesabu hii, yake hupangwa hospitalini.

*Gharama na mahali.* Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu chakula chetu kina mambo yake.

La kwanza ni chupa ya chai. Katika nyumba nyingi chai hupikwa na sukari yake kabisa, ikatiwa chupani, na kila apitaye humimina. Mamangu alikuwa anakunywa vikombe vinne, kila kimoja kina vijiko vitatu vya sukari. Ni vijiko 12, kama gramu 48 kwa siku, karibu kilo moja na nusu kwa mwezi, katika chai peke yake. Shirika la Afya Duniani linasema ni bora sukari ya kuongezwa isizidi kama gramu 25 kwa siku. Dawa ni kupika chai bila sukari, iliki na tangawizi zizidishwe, na kila mtu aweke yake kikombeni. Wiki mbili za kwanza kulikuwa na manung'uniko. Mwezi wa pili alionja chai ya jirani akasema ni tamu mno.

La pili ni sinia. Ukila na wenzako sinia moja, huwezi kujua umekula kiasi gani, na mzee akikataa kula arusini au hitmani watu wataona amesusa. Sishauri asusie. Akae upande wenye kachumbari, aanze na nyama na mboga, achukue tonge ndogo, atafune polepole. Nyumbani siku za kawaida apakuliwe sahani yake: nusu mchicha, bamia au mabiringani, robo samaki, kunde au pojo, robo wali.

La tatu ni tui na mafuta. Mbaazi za nazi ni chakula kizuri, zina protini na nyuzinyuzi. Pika kwa tui jepesi, lile zito libaki la siku maalumu. Kinacholemea ni mahamri matatu pembeni yake. Viazi karai na bhajia za jioni ni hivyo hivyo: kiazi hakina ubaya, karai ndiyo inayobeba mafuta.

*Hatari.* Mwenye dawa za sukari akipunguza wanga ghafla, sukari yake inaweza kushuka mpaka azirai. Dozi ipangwe upya na daktari kabla ya sahani kubadilishwa sana.

*Inamfaa nani.* Mwenye kiuno kikubwa na miguu bado ina nguvu, anayepikiwa na watu walio tayari kula naye hivyo. Kumpikia mzee chungu chake peke yake cha mboga za kuchemsha huku wengine wanakula pilau ni kumtenga, na hakudumu.

Kufunga

*Mafuta ya ndani.* Kufunga siku kadhaa kwa wiki, au kula ndani ya saa chache tu, hupunguza tumbo pale jumla ya chakula inapopungua. Kukilinganishwa na kupunguza chakula kwa kawaida, matokeo hukaribiana sana.

*Misuli na mifupa.* Hupotea kama katika kupunguza chakula kokote, na zaidi futari ikiwa wanga mtupu: uji, kaimati, sambusa, mkate wa sinia.

*Gharama na mahali.* Hakuna gharama, na mji unakusaidia, kwa kuwa wenzako wanafunga pia.

*Hatari.* Kubwa kuliko njia zote kwa anayetumia insulini au vidonge vya sukari kama glibenclamide. Joto letu huongeza hatari ya kukaukiwa na maji.

*Inamfaa nani.* Mwenye afya, asiye na dawa hizo, ambaye amezoea sunna tangu zamani na anafuturu kwa kiasi. Anayefunga kwa ajili ya ibada ana malipo yake, kiuno kipungue kisipungue. Wa kuanza kufunga uzeeni ili apungue tumbo tu, simshauri aanzie hapa.

Kuna mambo mawili ambayo hayamo katika uchaguzi kwa sababu yanahitajika popote utakapoangukia. Usingizi: katika utafiti wa Mayo Clinic uliotoka 2022, watu 12 wenye afya, vijana kuliko wazee wetu, walilala saa nne tu kwa usiku kwa wiki mbili, na mafuta yao ya ndani yakaongezeka asilimia 11. Na sigara, ambayo wengi hudhani inakondesha. Mvutaji anaweza kuwa mwepesi wa kilo na bado akawa na mafuta mengi tumboni.

Sanamaki na zile chai za "kukata tumbo" sizihesabu kuwa njia. Sanamaki hufungua choo. Hutoka maji na chumvi za mwili, mafuta hubaki. Kwa mzee mwenye dawa za presha, kupoteza chumvi hizo kunaweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Uko katika hali gani?

Kiuno kimepita alama na unaweza kuinuka kitini bila mikono: anza na sahani na kikombe, uongeze kutembea.

Kiuno kimepita alama lakini huinuki bila kushika kitu: mazoezi ya nguvu yatangulie mwezi mmoja au miwili, protini iongezwe, ndipo upunguze wanga. Mamangu alikuwa hapa, na ningemwanzia kwa kumnyima wali ningemmaliza miguu.

Magoti yanauma na nyumba iko ghorofani: kiti, ukuta na meza kwa sasa. Misuli ya paja ikipata nguvu goti hupumua, ndipo ujaribu mchanga mgumu wa ufuoni.

Unatumia insulini au vidonge vya sukari: njia yoyote kati ya hizi inaweza kubadilisha dozi. Nenda na daftari la vipimo kliniki kabla hujaanza.

Tumbo limevimba kwa wiki chache, ni gumu, miguu nayo imevimba, au unakonda uso huku tumbo linakua: hilo huenda si kitambi. Linaweza kuwa maji ya ini au moyo, na kwa mwanamke tumbo kujaa kila siku linaweza kutoka kwenye ovari. Usijaribu mazoezi wala kufunga, nenda hospitali wiki hii.

Na kama wewe si mzee mwenyewe bali ni mtoto au mkwe unayemtunza, usianze kwa kumwambia lolote. Kesho asubuhi pika chai bila sukari, kopo la sukari uliweke mezani, nawe ukamimine kikombe chako mbele yake.